Uso Ambao Tumpe Hakuutazama

Mimi ndiye ninayepeleka maziwa nyumbani kwa Madsi, kwa hiyo msije mkaniambia nimeokota maneno njiani. Haya nimeyaona. Nyumba yao iko hapa hapa Kalenga na tunatenganishwa na uzio wa michongoma. Upande wao Madsi anaukata mpaka unakuwa kama kichwa cha mwanafunzi. Upande wangu nauacha uote unavyotaka, na hatujawahi kugombana kwa hilo.

Madsi ni mzungu wa Denmaki. Jina lake wanaliandika Mads, ila sisi Wahehe tumeliongezea mkia, maana jina lisiloisha vizuri linachosha mdomo. Anachimba visima vijijini, leo Idodi, kesho kwingine, anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Mke wake ni Tumpe, Mnyakyusa wa Rungwe, mwanamke mrefu wa kucheka kwa sauti, mwenye kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba. Kwa kubebesha miche hana mpinzani hapa kwetu. Anakata, anapachika, anafunga na nailoni, na mkono hautetemeki.

Lakini Tumpe alikuwa na mambo yake, na mimi jicho langu halina adabu. La kwanza, alikuwa anabisha hodi kwenye stoo yake mwenyewe. Stoo ya majembe na mbolea, haina mtu, ufunguo anao yeye, lakini atasimama mlangoni aseme hodi, asubiri, ndipo aingie. Mvua ikianza kupiga bati ndiyo kabisa, anaacha kazi na kusimama akisikiliza kule stoo. La pili ni mtoto. Wana binti mmoja, Yudith, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno mawili matatu. Saa zote Tumpe alimbeba mgongoni. Akimlisha anatazama ukuta. Akimnyonyesha, enzi hizo, alitazama miche yake.

"Nyie Wanyakyusa," nikamtania siku moja, "mtoto mnamfunga mgongoni kama mkungu wa ndizi unaokwenda sokoni."

Akacheka kidogo. Siku ile ndiyo aliyonieleza habari za Brayson.

Kabla ya Madsi aliolewa kwao Rungwe na kijana mmoja, Gwakisa. Katika nyumba ile mke hamtazami baba mkwe usoni. Mkikutana njiani unaingia migombani na kujifunika kichwa mpaka apite. Jina lake hulitaji, chakula unampelekea kwa mkono wa mtu mwingine. Tumpe aliniambia Wanyakyusa wengi siku hizi wameacha, hasa wa kanisani na wa mjini, ila nyumba ile hawakuacha. Sasa siku moja mvua ikamkuta anatoka kuni, kichwa wazi, akakimbilia stoo. Mzee naye alikuwa ndani amejikinga mvua. Wakatazamana macho kwa macho.

Mvua zile zile, Brayson, mwanawe wa kwanza, wa kutambaa, akashikwa na homa akafa. Na pale msibani bibi yake Gwakisa akamwinamia Tumpe akamwambia taratibu, kama anayempa pole, "Macho yako ndiyo yamemla mtoto." Tumpe hakumaliza mwaka pale.

"Ilikuwa malaria, Tumpe," nikamwambia.

"Najua ilikuwa malaria, da Rozalia. Daktari wakati anasema nilikuwepo. Lakini sauti ninayoisikia siyo ya daktari."

Mimi ni Mkatoliki, na bibi yangu mzaa baba alikuwa akimwaga pombe ya ulanzi makaburini, kwa hiyo sikumcheka.

Basi ikaja habari kwamba baba yake Madsi anakuja kutembea, yeye na Kirsten, dada yake Madsi. Mzee huyo, Heni, hakuwahi kufika. Hata harusini hakuja, alikuwa hospitali kwao amepasuliwa. Ujana wake alikaa Usangu akichimba mifereji ya mpunga, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kizamani lakini kinatembea. Nyumba yote ilipakwa rangi. Kadiri siku zilivyokaribia, ndivyo Tumpe alivyopungua kucheka.

Niliwasikia wakibishana kitaluni, maana michongoma haizuii sauti.

"Baba yangu hajui hayo mambo," Madsi alisema. "Hayamhusu."

"Hayamhusu yeye," Tumpe akajibu. "Yananihusu mimi na mtoto wangu. Mmoja nimeshamzika."

Madsi akamshika mikono akamwambia akimwona tu mzee, woga utakwisha. Ni mtu mwema, lakini mtu mwema naye ana upumbavu wake.

Siku wageni walipotua uwanja wa ndege wa Nduli nilijifanya nimechelewesha maziwa ili niwepo. Gari likaingia. Mzee Heni akashuka, mrefu, mwembamba, suruali imeshikiliwa na mkanda tu. Akamwona Tumpe mlangoni na mtoto mgongoni. Akafungua mikono yote miwili akasema, "Tumpe, binti yangu."

Tumpe akavuta kitenge akajifunika kichwa na uso, akakata kona kupitia kitaluni, akakanyaga miche yake mwenyewe aliyoibebesha juzi, akapotelea nyuma ya nyumba. Mzee akabaki mikono imefunguka. Nikaona aibu mimi, nikamwekea dumu la maziwa mikononi ili apate kitu cha kushika.

Ndivyo ilivyoendelea. Tumpe alipika vizuri mpaka harufu ilinifuata nyumbani, lakini sahani zilibebwa na Madsi. Mzee akiwa sebuleni, yeye yuko kitaluni. Mzee akitoka, yeye anaingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto aliruhusiwa, alikaa na babu yake kutwa nzima, na Tumpe akiwa mbali anatega sikio, mtoto akikohoa tu anasimama.

Kirsten alikuwa na kamera ile inayotema picha papo hapo. Akapiga moja ya mzee amempakata Yudith, shavu kwa shavu, akanionyesha. Nilipoiona nilinyamaza, na mimi kunyamaza si desturi yangu. Ulikuwa uso mmoja. Paji lile lile, macho yaliyozama yale yale, na mdomo wa chini umesukumwa nje kama mtu aliyenyimwa sukari. Kilichotofautiana ni rangi na mikunjo. Picha ikabandikwa ukutani sebuleni. Tangu hapo Tumpe hakupita tena sebuleni. Alizunguka nje hata kwenye mvua kwenda chumbani kwake.

Nikajiapiza kwamba kutoka mdomoni mwangu hatasikia kitu. Akijua uso anaoukimbia ndio anaoubeba mgongoni, nilijisemea, huyu atachanganyikiwa.

Siku moja mzee akaja kwenye michongoma. Akanisalimia, "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe, sijui nani alimfundisha. Kisha akauliza, "Mama Rozalia, nimemkosea nini yule binti? Ni kwa sababu sikuja harusini?"

"Hajakueleza Madsi?"

"Kanieleza. Nadhani ananificha aibu. Baba akichukiwa, mtoto hutafuta maneno."

Sasa mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia yote, stoo, mvua, bibi, msiba. Alisikiliza ameshika uzio mpaka miiba ikamtoboa kiganja, na hakuutoa mkono.

"Mtoto aliitwa nani?" akauliza.

"Brayson."

Akalirudia jina lile taratibu, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mchana nakuta benchi la barazani limehamishiwa nyuma, kwenye mlango wa jiko. Mzee Heni amelikalia, mgongo kaupa mlango, uso kaupa kitalu. Mlango uko wazi. Ndani Tumpe anamenya viazi.

"Tumpe," mzee akasema akitazama miche, "ni mimi. Sigeuki."

Kisu kikanyamaza. Mzee akaanza kusimulia habari za Usangu, matope ya mifereji, mbu, na mama mmoja wa Kisangu aliyemfundisha kula mlenda bila kujichafua shati. Hakujibiwa. Siku ya pili akarudi, na habari za ng'ombe waliokula kofia yake. Ndani nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe ni Tumpe anazuia kicheko. Siku iliyofuata akamjibu.

Basi ikawa kila mchana. Mimi nikawa nasahau dumu langu makusudi ili nirudi kulichukua. Mzee mgongo mlangoni, Tumpe ndani, wanaongea kama watu waliokulia kijiji kimoja. Akamuuliza habari za kubebesha miche, akamuuliza habari za mama yake. Na siku moja Tumpe mwenyewe akamsimulia Brayson, alivyokuwa akitambaa kinyumenyume, alivyopenda kula udongo wa ukutani. Mzee alilia. Mimi niliuona uso wake, Tumpe hakuuona.

"Kwa mila ya kwenu," mzee akauliza baadaye, "mke hafunguliwi? Anakaa hivyo mpaka kufa?"

"Baba mkwe akitaka anaweza kumfungua," Tumpe akasema. "Kijijini kwa bibi yangu walisema anatoa ng'ombe, anamwita mkwe wake kwa jina mbele za watu. Basi."

Juma lile mzee akaenda Idodi na Madsi, wakarudi na mtamba kwenye gari, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Akamshusha uani, akashika kamba, akasimama wima.

"Tumpe, binti yangu," akaita kwa sauti. "Mtamba huyu ni wako. Nakufungua mbele za hawa."

Hawa wenyewe tulikuwa Madsi, Kirsten na mimi. Tumpe akatoka jikoni amejifunika. Akaja mpaka karibu, akanyoosha mkono akapokea kamba. Kirsten aliishusha kamera bila kuambiwa. Tukasubiri. Mzee naye akasubiri.

"Ndaga, tata," Tumpe akasema chini ya kitenge. "Ndaga fijo." Ni asante ya kwao kwa baba, asante kubwa. Akageuka na ng'ombe wake, akampitisha kwenye upenyo wa michongoma mpaka bandani kwangu, maana wao hawana banda. Kule bandani akavuta kitenge. Uso ulikuwa umelowa.

"Nimeshindwa, da Rozalia. Nilitaka. Shingo ndiyo imekataa."

Kesho yake wageni wakaondoka. Mzee akiwa ndani ya gari aliniita dirishani. "Mwambie sina haraka," akasema. Nikaitazama suruali ile na mkanda ule, nikajua anadanganya.

Benchi likabaki pale pale. Madsi alitaka kulirudisha barazani, Tumpe akamwambia liache. Mchana aliufungua mlango wa jiko akamenya viazi vyake bila kusema na mtu, na mara nyingine nilimkuta ametulia, kisu hewani, kama anayesubiri habari iendelee. Yudith naye alizoea kwenda kuligonga lile benchi akiita, "Babu, babu." Kweli niwaambie, nililiogopa benchi lile, na giza likianza kuingia mimi sikupita tena upande ule. Nilizunguka barabarani.

Mvua za mwisho, Yudith akashikwa na homa.

Madsi alikuwa mbali kisimani. Tulikwenda mimi na Tumpe, tukamfikisha hospitali Tosamaganga anawaka. Wakatupokea vizuri, wakapima, ikawa malaria, wakatafuta mshipa. Nesi akamwambia Tumpe, "Mama, mpakate huku mbele, mtulize." Tumpe akampakata. Uso akaugeuzia dirishani. Mtoto analia, anamtafuta mama yake, anamshika kidevu na kale kamkono ka moto anajaribu kukigeuza, na shingo ya mama haigeuki.

Hapo nilipandwa na hasira. "Mtazame mwanao, Tumpe. Hujui kama ndiyo mara ya mwisho? Hivi una roho ya namna gani?"

"Ndiyo maana simtazami," akasema. Midomo ilikuwa imekauka. "Siku aliyozaliwa, Madsi alimpokea akalia, akasema, 'Ni baba yangu mtupu.' Akanionyesha na picha kwenye simu kabla sijajua ananionyesha nini, nikafumba macho. Tangu siku ile, da Rozalia, kila nikimnawisha uso namnawisha mkwe. Nilijaribu. Nikambeba mgongoni, nikatazama ukuta. Lakini mama anawezaje kutomtazama mtoto? Namtazama akilala. Nimemtazama mno. Sasa na huyu anakwenda."

Kumbe mimi mjinga nilikuwa nalinda siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo tangu siku ya kuzaa. Nikamwambia nilichoweza. "Mzee amekufungua. Mtamba yuko kwangu anamaliza majani yangu. Au yule ng'ombe ni wa uongo?"

"Alinifungua mtu asiyejua nimefungwa na nini," Tumpe akasema.

Nikamchukua mtoto nikampakata mimi. Nilisali rozari nzima nikichanganya mafumbo ya siku hii na ya ile, maana sikukumbuka ilikuwa siku gani. Dripu ikaingia, dawa ikaingia, na siku ya pili Yudith akafungua macho akaomba uji. Tumpe alikwenda mbio kuutafuta. Akamlisha ule uji akitazama kitanda cha jirani. Tuliporudi Kalenga mtoto alikuwa mgongoni kama kawaida, nami nikaona hii haitakwisha, mtoto huyu atakua mpaka aolewe bila kuonwa na mama yake.

Haukupita muda mrefu, simu ikatoka Denmaki. Mzee Heni amefariki. Kumbe alipokuja huku madaktari walikuwa wamekwishamwambia hatapona, akamficha hata Madsi.

Siku ya maziko kule kwao Kirsten alipiga simu ya video kabla hawajafunika jeneza, ili mwana aage. Ilikuwa mchana. Madsi alikaa kwenye lile benchi la jikoni, simu mkononi, machozi yanadondoka kwenye kioo anayafuta na kidole gumba. Mimi nilikuwa nimesimama na dumu langu. Tumpe yuko mlangoni, kitenge kichwani, mtoto mgongoni.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Da Rozalia, aliyekufa bado ni mkwe?"

Nilitafuta neno la kanisani, sikulipata. Nilitafuta la bibi yangu, nalo sikulipata. "Sijui, mama Yudith," nikamwambia. "Kweli sijui."

Tumpe akavua kitenge kichwani, akakikunja, akakiweka kizingitini. Akachukua simu mkononi mwa mumewe.

Alitazama. Nilikuwa namwangalia yeye na mtoto aliye mgongoni, kama vile kuna kitu kitatoka kwenye kile kioo kimchukue mmoja wao. Kuku waliendelea kuchakura. Hakikutoka kitu.

"Mugonile, tata," Tumpe akaisalimia simu, kwa salamu ya kwao ya kumsalimia mkubwa. Kisha akasema, "Ana kovu kidevuni."

"Alianguka na baiskeli," Madsi akasema. "Akiwa mdogo."

"Na masikio yake makubwa. Pua imepinda kushoto." Alivitaja kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. "Nyusi zimeungana. Huyu wangu nyusi zake haziungani." Akainua kichwa akanitazama. "Da Rozalia, siye. Hawafanani. Yudith hafanani naye hata kidogo."

Mimi niliyewaona wote wawili shavu kwa shavu, niliyeiona ile picha ya ukutani asubuhi ile ile, nilinyamaza kwa mara ya pili maishani mwangu.

Kirsten kule akasema neno, jeneza likafunikwa, simu ikakatika. Madsi akaingia ndani na kilio chake. Tumpe akafungua khanga ya mgongoni, akamshusha mtoto, akaketi kwenye benchi pale alipokuwa akiketi mzee, akampakata uso kwa uso. Yudith kwa mazoea akanyoosha mkono akamshika mama yake kidevu ili akigeuze. Akakuta kimeshageuka. Akabaki amekishika hivyo hivyo, amekodoa macho.

Nilidhani Tumpe atacheka. Aliinamia kichwa cha mtoto akalia mpaka mabega yakaruka, na mimi nikaweka dumu chini nikamsogelea.

"Alitaka kuniona tu," akasema. "Alikaa hapa siku zote, mlango uko wazi, akanipa mgongo ili nisiogope. Ningemgusa bega tu, da Rozalia. Angegeuka."